Kulala Horombo na Kibo: eti mtu anaweza kusahau kupumua usingizini?

"Habari za kazi kaka. Mimi ni mama wa miaka 36, niko Mwanza. Ofisini tumejichanga watu tisa tunataka kupanda Kilimanjaro mwezi wa 12 kwa njia ya Marangu, tumeambiwa ndo njia pekee ambayo unalala ndani. Kinachonitisha sio kutembea, ni kulala. Binamu yangu alipanda mwaka jana, anasema Horombo alikuwa anashtuka usiku hana pumzi kama mtu kamkaba, na aliyelala naye chumba kimoja alikuwa anaacha kupumua kabisa halafu anavuta kwa nguvu. Je mtu anaweza kufa usingizini huko? Mwenzetu mmoja anasema tubebe dawa za usingizi, mwingine anasema tubebe kajiko ka mkaa tuwashe ndani ya kibanda maana baridi ni kali. Kampuni imetupa bei ya siku 5 na ya siku 6, wengi wanataka 5 sababu ya hela na ruhusa. Pia naenda na mdogo wangu wa kiume, hajawahi kuumwa ila hospitali waliwahi kusema amebeba siko seli nusu. Na samahani kwa swali hili la mwisho, hivi huko wanawake na wanaume tunalala chumba kimoja?"

Dada yangu, habari njema kidogo. Nimeyasoma maswali yako mara mbili kabla ya kuanza kujibu, na nikuambie ukweli, hilo ulilolitanguliza la kuacha kupumua usingizini ndilo linalowatisha watu wengi na ndilo lenye hatari ndogo. Yale mawili uliyoyapitia kwa mstari mmoja mmoja, kajiko ka mkaa na siko seli ya mdogo wako, hayo ndo yamenifanya nikujibu kwa urefu. Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani na kufundisha waongozaji wenzangu huduma ya kwanza, daktari siye, kwa hiyo tukifika kwenye dawa nitakueleza kinachojulikana halafu nitakurudisha kwa mtaalamu wa hospitali na naomba kweli uende.

Tuanze na binamu yako. Watu husema huko juu hakuna oksijeni, sio kweli. Hewa ya Horombo ina oksijeni asilimia 21 hivi, sawasawa na ya hapo Mwanza, ila mgandamizo wa hewa unashuka kadiri unavyopanda, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza kiasi kidogo zaidi. Kwenye njia yenu kambi za kulala ni tatu, Mandara iko kama mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,720. Ukiwa Horombo pumzi moja inakupa karibu theluthi mbili ya ile ungeipata Tanga ufukweni, ukiwa Kibo ni zaidi kidogo ya nusu, na pale kileleni Uhuru mita 5,895 ni nusu hivi. Mwili unajua, na unachofanya ni kuongeza kasi ya kupumua, mchana unaona mwenyewe unahema hata ukifunga kamba za viatu.

Sasa usiku ndo inakuja hiyo kitu. Ukipumua haraka haraka unatoa hewa ukaa nyingi mwilini, na ubongo wako unapoamua sasa pumua au subiri kwanza, kwa kawaida unaangalia zaidi hewa ukaa kuliko oksijeni. Ukilala, usimamizi wa makusudi unaondoka, ubongo unaona hewa ukaa imeshuka sana unasema basi tulia, pumzi inakatika sekunde kumi, kumi na tano, saa nyingine zaidi kidogo, hewa ukaa inapanda tena, oksijeni nayo imeshuka, ubongo unashtuka unasema vuta, na hapo ndo ile pumzi kubwa ya ghafla ambayo inamwamsha mtu anahisi amekabwa. Halafu anapumua haraka tena, hewa ukaa inashuka tena, mzunguko unajirudia hivyo hivyo. Kwa hiyo yule aliyelala na binamu yako hakusahau kupumua, mfumo wake ulikuwa unafanya kazi, ila ulikuwa unayumba kwa sababu bado haujazoea kimo. Inawapata watu wengi sana kuanzia mita 2,500 na kitu kwenda juu, wenye mazoezi na wasio na mazoezi, vijana na wazee, na peke yake sio ugonjwa wala sio dalili kwamba mtu anataka kuumwa. Inachosha tu, maana unaamka mara nyingi, asubuhi unajiona hujalala wakati kwa kweli umelala vipande vipande.

Ukishtuka hivyo fanya hivi: kaa, egemea ukuta, pumua taratibu dakika mbili tatu, kunywa maji mafundo mawili, lala tena na kichwa kikiwa juu zaidi, weka jaketi chini ya mto. Usianze kuhesabu pumzi zako gizani. Na ukimsikia mwenzako kitanda cha juu amekata pumzi, subiri, itarudi. Kama anajibu vizuri ukimwita na hana shida nyingine, mwache alale.

Hapa ndo naomba unielewe vizuri maana watu wanachanganya. Kukosa usingizi ni kawaida, kuumwa sio kawaida. Kichwa kuuma kidogo jioni ya Horombo kukaisha baada ya maji, supu na dawa ya kawaida ya maumivu, hiyo tunaiona kila siku. Lakini kichwa ambacho hakisikii dawa, kutapika, kizunguzungu, uchovu wa kutotaka hata kukaa mezani, hayo yakikutana ni ugonjwa wa kimo na sheria yake ni moja tu, hupandi hata hatua moja hadi yaishe, na yakizidi unashuka. Na kuna aina mbili zinazoua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anaanza kuyumba kama mlevi, anajibu vitu visivyoeleweka, anashindwa hata kufunga zipu. Mwambie atembee kwenye mstari kisigino kikigusa kidole, hatua kumi, akishindwa usibishane naye. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema hata akiwa amekaa hafanyi kitu, anakohoa, kifua kinakoroma, wakati mwingine anatoa povu, midomo inabadilika rangi. Huyo pumzi zake hazikatiki na kurudi kama za binamu yako, huyo anahema muda wote, amelala au yuko macho. Hao wawili hawasubiri asubuhi. Wanashushwa usiku huo huo, hata kama ni saa nane na mvua inanyesha, wakishikwa mkono au kwa machela ya gurudumu ambayo hifadhi inatumia kwenye njia hiyo. Helikopta za uokoaji zipo ila usizitegemee usiku au kukiwa na ukungu. Miguu kwenda chini ndo dawa ya kwanza, dawa nyingine zote, hata mtungi wa oksijeni, ni za kumsaidia afike chini.

Kwa hiyo jibu la swali lako, mtu anaweza kufa huko, ndio, ila hafi kwa sababu pumzi ilikatika sekunde kumi na mbili usingizini. Anakufa kwa sababu aliumwa tangu jioni akanyamaza, akaingia kwenye begi la kulalia akageukia ukutani, na wenzake wakasema amechoka mwacheni. Hicho ndo kitu kimoja ningependa watu wote tisa mkubaliane kabla hamjatoka Mwanza, kwamba hakuna anayeenda kulala bila kusema anajisikiaje, na anayesema anaumwa hachekwi wala habembelezwi ajikaze. Kwenye makundi ya ofisini hii ni ngumu kuliko kwenye makundi ya wageni wasiojuana, maana kuna bosi, kuna vijana wanaoshindana, kuna mtu kachangiwa na wenzake anaona aibu kurudi. Mchague mmoja mapema, mtu asiyeogopa bosi, kila jioni baada ya chakula apite kitanda kwa kitanda aulize, amekula? ametapika? kichwa? anatembea sawa? Muongozaji wenu naye atauliza na pengine atawabana kidole na kile kifaa cha kupima oksijeni. Usiogope namba ikiwa ndogo kuliko ya hospitali, Kibo mtu mzima kabisa anaweza kusoma asilimia 80 na kitu, hata chini kidogo ya hapo, na anakula na kuongea vizuri. Tunamwangalia mtu kwanza, kifaa baadaye.

Dawa za usingizi. Hapana, na mwambie huyo mwenzenu nimesema hapana bila kumung'unya. Dawa nyingi za usingizi zinazouzwa huku, zile za kundi la dayazepamu na ndugu zake, zinapunguza ule msukumo wa ubongo kusema vuta pumzi, na msukumo huo ndo unaokulinda kule juu. Isitoshe zinamfanya mtu awe mzito na mwenye kuyumba, sasa saa sita usiku akiyumba utajuaje ni dawa au ni ubongo? Pombe ni hivyo hivyo, ile nusu ya konyagi ambayo lazima mmoja wenu ataificha kwenye begi "kwa ajili ya baridi" iacheni Moshi mkaisherehekee mkishashuka. Pombe inakufanya uhisi joto kwenye ngozi wakati ndani mwili unapoteza joto.

Dawa inayosaidia kweli pumzi za usiku ni ile ya asetazolamaidi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Inafanya figo zitoe chumvi fulani kwenye mkojo, damu inakuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo unausukuma ubongo upumue zaidi, yaani inakuharakishia kitu ambacho mwili ungekifanya wenyewe kwa siku kadhaa. Dozi ya kujikinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, unaanza siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, vidole na midomo vitachonyota, soda itakuwa na ladha mbaya, hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mwenye shida ya figo, mjamzito, hao wasiiguse bila daktari, na hata wewe usinunue tu duka la dawa kwa kuambiwa na mtu, nenda ukapimwe na uulize. Na isiwe kisingizio cha kupanda haraka, ukiumwa huku umemeza Diamox bado umeumwa.

Haya, kajiko ka mkaa. Dada, hili nakuomba sana. Si unajua kila mwaka msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani ya chumba asubuhi wakakutwa wameshafariki, sasa kibanda cha Horombo ni kidogo kuliko vyumba vingi vya kupanga, mbao pande zote, paa limeshuka hadi karibu na sakafu, watu wanne au sita ndani, na kwa sababu ya baridi kila mtu anaziba upenyo. Mkaa unaoungua unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Huko juu ni mbaya mara mbili, kwanza damu yako tayari ina oksijeni pungufu, pili moto wenyewe hauungui vizuri kwa hiyo sumu ni nyingi. Halafu dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi mzito. Umeona? Ni zilezile za ugonjwa wa kimo, watu wataulaumu mlima wakati muuaji yuko katikati ya chumba. Na hata mngenusurika, hifadhi hairuhusu mkaa wala kuni, wapishi wanatumia gesi na wanapikia jikoni kwao. Hatari ya moto nayo ni ya kweli kwenye njia hiyo hiyo, ule moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia eneo la Whona, pale watu wanapopumzika kula kati ya Mandara na Horombo. Kwa hiyo jiko libaki nyumbani, na jiko la gesi la kambi pia halipunguzwi moto likaachwa chumbani eti litoe joto, sumu ni ileile.

Baridi inatibika bila moto. Begi la kulalia halitengenezi joto, linazuia lako lisitoke, ukiingia umeshapoa litakuweka hivyo hivyo umepoa. Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kulala. Ukifika kambini jambo la kwanza, kabla ya chai na kabla ya picha, vua kila kilicholoa jasho au mvua, hadi chupi na soksi, uvae kavu. Mwezi wa 12 mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo na msituni kwenda Mandara mnaweza kulowa kabisa, na Horombo kitu kilicholoa hakikauki usiku, unakikuta asubuhi kimeganda kiko vilevile. Nguo za kulalia ziwe kwenye mfuko wake usiopitisha maji na zisitoke humo kwa sababu yoyote hadi jioni. Kula ushibe hata kama hamu imepungua, chakula ndo kuni zako.

Halafu kuna huu utaratibu ambao wageni wangu wote naufanya nao Horombo. Chukua chupa ngumu ya maji yenye kizibo cha kusokota, ile nyembamba ya dukani haifai na ikipata maji moto inajikunja, mwombe mpishi akujazie maji yaliyochemka, kaza kizibo, igeuze chini juu uone haivuji, ivalishe soksi nene, itupe ndani ya begi dakika kumi kabla hujaingia, chini kwenye nyayo. Ukiingia miguu inakutana na joto, na miguu ikipata joto mwili wote unatulia. Saa nane usiku unaivuta hadi tumboni. Asubuhi maji yana uvuguvugu, unayanywa. Simu na betri za tochi nazo zilale humo ndani na wewe, baridi inazimaliza chaji.

Vaa kofia. Pua na mdomo viwe nje ya begi, ukipumulia ndani unalilowesha. Tandika khanga au shuka jepesi ndani ya begi, linaongeza joto kidogo na begi la kukodi unakuwa hujaligusa na ngozi. Mkikodi Moshi au Marangu msikubali kwa kuangalia mfuko, litoeni, litandazeni, lijaze upepo muone kama limefura au limelala kama gunia, funga zipu hadi mwisho ufungue tena. Ulizeni ni la nyuzi joto ngapi, kwa Kibo mnataka linalomstahimilisha mtu kwenye hasi 10 hivi akiwa na raha, maana Horombo usiku unakaribia sifuri na Kibo unashuka chini ya sifuri. Godoro na mto vipo, hilo msijisumbue.

Choo kiko nje. Mtaamka tu kukojoa, huko juu figo zinatoa maji mengi na ni dalili nzuri, mwili unazoea. Usijibane hadi asubuhi na usipunguze maji ya kunywa ili usiamke. Tochi ya kichwani ikae sehemu moja ileile kila usiku, viatu vifunguliwe kamba vikiangalia mlangoni, jaketi juu ya begi. Watu wengi wanaoteguka mguu kambini wanateguka usiku wakienda chooni na kandambili. Na vyakula vifungwe, panya wale wadogo wa milia wa Horombo watakitoboa kifurushi cha karanga mfukoni mwa jaketi huku umelala pembeni, na mchana kunguru wa shingo nyeupe wanamalizia.

Siku 5 au 6. Hapa sina kigugumizi, chukueni 6, na kama hela haitoshi bora msogeze safari miezi mitatu kuliko kwenda kwa 5. Angalia usiku zenyewe. Kwenye 5 mnalala Mandara usiku wa kwanza, Horombo wa pili, Kibo wa tatu, na usiku huohuo wa tatu mnaamshwa kama saa tano mtoke kwenye saa sita kuelekea kileleni. Yaani ninyi watu wa Mwanza mliozoea mita 1,100 na kitu mnaongeza mita 1,000 kila usiku, wakati ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya 500 kwa usiku. Kwa njia hii haiwezekani kuufuata kikamilifu maana vibanda viko pale vilipo, lakini siku ya sita inawapa usiku wa pili Horombo, na ile siku ya katikati mnatembea asubuhi hadi Zebra Rocks, kama mita 4,000, mnashangaa ile miamba ya mistari myeusi na myeupe halafu mnarudi kulala palepale. Kupanda juu ukashuka kulala chini, mwili unajifunza bila kuadhibiwa. Figo zinapata siku nzima ya kurekebisha ule uchachu niliouelezea. Tofauti utaisikia kwa masikio, usiku wa pili Horombo chumba kinakuwa kimya zaidi, wale waliokuwa wanashtukashtuka wanalala.

Hiyo hela ya siku ya sita ndo hela yenye kazi kuliko nyingine yoyote mtakayolipa. Kuna watu wamekodi viatu vya bei mbaya, wamenunua vidonge vya kila aina, wakabania siku moja.

Kibo msipahesabu kama sehemu ya kulala. Ni nyumba ya mawe, vyumba vya vitanda vya juu na chini, mnafika mchana, mnakula jioni mapema, mnaambiwa mlale saa kumi na mbili jioni na jua ndo kwanza linazama nyuma ya mlima. Karibu hakuna anayelala. Uko mita 4,720, una wasiwasi, jirani anafungua zipu, mwingine anatoka chooni. Haina shida. Kulala chali umefunga macho, una joto, umeshiba, umekunywa maji, inatosha kabisa kukupeleka kileleni kama usiku za nyuma ulilala. Usitazame saa. Panga nguo za usiku wa manane zote kwa mpangilio wa kuvaa kabla hujapanda kitandani, maana ukiamshwa kwenye baridi ile akili inakuwa nzito na utatafuta glavu robo saa. Kibo hapana chanzo cha maji, maji yanabebwa na wagumu, yaani wapagazi, kutoka chini huko, kwa hiyo usiyamwage kunawia miguu. Na ukiwa ndani umejifunika, uulize kidogo na hao wagumu wanaokubebea wamelala wapi na wana nini cha kujifunika, kampuni inayojali wafanyakazi wake itakujibu bila kusita.

Vyumba sasa, na wala usiombe samahani, ni swali la maana. Horombo na Mandara vibanda ni vidogo kwa hiyo kundi la watu tisa mnaweza kugawana, wanawake kibanda chao wanaume chao, mradi muongozaji awaambie walinzi wa hifadhi mapema mnapojiandikisha kambini. Inategemea na wingi wa watu siku hiyo, na karibu na tarehe 9 Desemba Watanzania wanaopanda kusherehekea Uhuru ni wengi, mkienda tarehe hizo msishangae kuchanganywa na kundi jingine. Mandara kuna bweni pia juu ya jengo la kulia chakula. Kibo ndo vyumba vya watu wengi na mara nyingi mnalala mchanganyiko, wanawake kwa wanaume, kila mtu na begi lake na nguo zake zote mwilini. Akina mama wengi naowaongoza wanalala upande mmoja wa chumba na khanga ndo chumba cha kubadilishia, unajifunga shingoni unavua chini yake. Beba taulo za kike hata kama tarehe sio zako, kimo na uchovu vinaweza kuvuruga siku, na mfuko wa kurudishia zilizotumika hadi getini.

Sasa mdogo wako. "Siko seli nusu" maana yake pengine ni mbebaji, yaani karithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu. Wabebaji wako wengi sana kwetu na wanaishi bila kujua, wanacheza mpira, wanalima, hawaumwi. Shida inakuja oksijeni ikipungua sana pamoja na kazi nzito na upungufu wa maji, chembe zao za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa, na kiungo kinachopigwa mara nyingi huko milimani ni bandama. Mtu anapata maumivu makali upande wa kushoto, juu, chini ya mbavu, anatapika, wengine homa. Haimpati kila mbebaji, wapo wanaofika Uhuru salama, lakini akipatwa anatakiwa kushuka mara moja na kwenda hospitali. Na kama sio mbebaji, kama ana ugonjwa kamili wa aina nyepesi ambao haujawahi kumsumbua, hapo mlima mrefu haumfai kabisa.

Kwa hiyo maneno ya "waliwahi kusema" hayatoshi. Ninyi mko Mwanza, hospitali ya Bugando ipo, aende akaombe kipimo cha kutambua aina ya himoglobini, apate karatasi, aonane na daktari na amwambie wazi: nataka kulala mita 3,720 usiku mbili na kupanda hadi 5,895. Aende hata kama anajisikia mzima, na aende sasa, sio wiki ya safari. Daktari akisema asiende, asiende. Akisema aende kwa tahadhari, karatasi hiyo muongozaji aione kabla ya getini, aijue dalili ya upande wa kushoto, na kijana anywe maji hata akiwa hana kiu. Na kama jibu litakuwa ni bora asivuke juu sana, muulize daktari kama Mandara inamfaa, kama inamfaa alale pale usiku mmoja, apande hadi Maundi ambayo ni mwendo mfupi tu kutoka vibandani, aone tambarare yote ya upande wa Kenya, ashuke na muongozaji msaidizi awasubiri Marangu. Hiyo ipangwe na ilipiwe toka mwanzo ili asijione mzigo.

Wewe mwenyewe na wale wengine, mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye pumu, mwenye moyo, anayenyonyesha, wote wapite hospitali. Pumu iliyodhibitiwa vizuri mara nyingi haizuii safari ila ile dawa ya kuvuta ibaki mfukoni karibu na mwili isipoe.

Kabla hamjalipa kianzio, mpigie mwenye kampuni umuulize mambo haya machache usikie anavyojibu: waongozaji wasaidizi wangapi kwa watu tisa, maana mmoja akishuka na mgonjwa usiku wengine wanabaki na nani, wanabeba mtungi wa oksijeni au hawabebi, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na mtu akiumwa saa saba usiku Kibo ni nani hasa anayeamua ashuke. Jibu la hilo la mwisho liwe ni muongozaji, papo hapo, bila kupiga simu ofisini kuomba ruhusa. Akikwepa, tafuteni kampuni nyingine, muda bado mnao. Majibu ya mdogo wako yakitoka uniandikie.